Mashine ya Msasa ya Chuma cha Kuchomelea: Itengenezwe Hapa, Itengenezwe Salama

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mafundi seremala, wachomeleaji na wanagenzi katika siku ya mafunzo ya karakana. Yanachapishwa ili wasiofika nao wapate kuyasoma.)



Katika kila karakana ya mbao kuna kijana mmoja ambaye kila mtu anamjua. Hashiki randa, hashiki msumeno, wala hapimi. Kazi yake ni msasa. Asubuhi anapewa karatasi ya msasa namba 80 iliyokunjwa juu ya kibao, na mlango uliolazwa juu ya magogo mawili. Jioni nyusi zake zimebadilika rangi kwa vumbi, vidole vimechubuka, na kikohozi chake kinasikika hadi barabarani. Mwaka mmoja wa ugenzi ukiisha, amejifunza kitu kimoja tu: kusugua.

Mwenye karakana naye hana raha. Mteja anataka meza yake Jumamosi. Mteja huyo ameshapita dukani akaona meza ya kuagizwa kutoka nje, akapitisha kiganja juu yake na kuiona laini kama sahani. Akija kwa fundi wa hapa atapitisha kiganja hicho hicho. Mbao ya fundi inaweza kuwa bora mara mbili na viungo vyake imara, lakini kiganja kikikwaruzwa, bei inaanza kushuka.

Mashine ya kupiga msasa ingewasaidia wote wawili. Ya dukani ni ghali kwa karakana ndogo. Hata hivyo, karibu kila kituo cha jua kali kina welda, kina fundi wa kukereza chuma, na kina mota iliyotoka kwenye mashine iliyokufa. Kwa hiyo mazungumzo ya leo ni ya namna ya kuunganisha vitu hivyo vitatu vikawa mashine inayofanya kazi na isiyomdhuru mtu.

MASHINE GANI?

Mashine za msasa ni za aina nyingi. Iko ya sahani, ambayo msasa umegundishwa juu ya duara la chuma linalozunguka. Ni rahisi kutengeneza, na ni nzuri kwa ncha za mbao. Iko ya ngoma moja, ambayo mbao hupitishwa chini yake ili iwe na unene sawa. Hiyo inahitaji mitambo ya kusukuma mbao kwa mwendo wa taratibu, na ikilishwa kwa mkono inaweza kuirusha mbao nyuma kwa nguvu. Haifai kuwa mashine ya kwanza ya mtu kutengeneza.

Ya tatu ni ya mkanda: mkanda wa msasa unaozunguka juu ya ngoma mbili, moja chini na moja juu, na meza ndogo mbele yake. Hii inalainisha kingo za rafu, miguu ya meza, vipande vya viti na fremu za milango midogo. Uso mpana wa meza kubwa bado utahitaji mkono au mashine ndogo ya kushika. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya kijana yule wa msasa iko katika vipande vidogo, na hapo ndipo mashine ya mkanda inapomwokoa. Ndiyo itakayoelezwa leo.

NUNUA MKANDA KWANZA

Kosa la kawaida ni fundi kuanza na chuma. Anakata, anachomelea, anapaka rangi, kisha anaenda dukani kutafuta mkanda wa kutoshea. Hauupati. Anarudi kukata msasa wa roli na kuuunganisha kwa gundi, na kiungo kinafumuka mashine ikiwa katika mwendo.

Nunua mkanda kwanza, kisha jenga mashine kuufuata. Mkanda wa upana wa milimita 150 na urefu wa milimita 1220, yaani inchi 6 kwa 48, ni kipimo kinachotengenezwa na viwanda vingi. Nunua zaidi ya mmoja: namba 60 au 80 kwa kuondoa alama za msumeno, namba 120 kwa kulainisha. Tazama mshale ulio nyuma ya mkanda. Ukiwapo, ndio unaoonyesha upande wa kuzungukia.

Sasa hesabu. Chukua ngoma mbili za kipenyo cha milimita 100. Mzingo wa ngoma moja ni 100 mara 3.14, yaani milimita 314. Mkanda unazunguka nusu ya kila ngoma, na nusu mbili ni ngoma nzima: milimita 314. Toa hiyo katika 1220, zinabaki 906. Gawa kwa mbili, unapata 453. Huo ndio umbali kutoka katikati ya ngoma ya chini hadi katikati ya ngoma ya juu. Acha ngoma ya juu iweze kusogea kama milimita 20 chini na 10 juu ya kipimo hicho, ili mkanda uvalishwe na kuvuliwa bila kulazimishwa.

FREMU

Fremu itoke kwenye bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, lenye ukuta wa milimita 2 au zaidi. Mashine ya msasa haihitaji chuma kizito kwa sababu ya mzigo. Inakihitaji ili isitetemeke. Mtetemeko huacha mawimbi juu ya mbao, nayo huonekana vizuri baada ya vanishi, wakati umeshachelewa.

Mchomeleaji asimalize kiungo kimoja kabla ya kushika kingine. Kwanza ashikishe viungo vyote kwa nukta ndogo. Kisha apime pembe kwa pembe kwa futi ya chuma: vipimo viwili vya mshazari vikilingana, fremu iko mraba. Halafu achomelee kwa kuruka, kiungo cha mbele, kisha cha nyuma upande wa pili, maana chuma kinapopoa hujivuta, na kikivutwa upande mmoja tu fremu hupinda. Kwa fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 ampea 70 hadi 90 zinatosha.

Bomba likiwa na mipako ya zinki, lile linalong'aa kama bati jipya, mipako hiyo isagwe kwa grinda pale pa kuchomelea, na kazi ifanyiwe nje penye upepo. Moshi wa zinki humpa mchomeleaji homa na baridi usiku ule ule, na wengi hudhani ni malaria.

Na jambo hili lisikike vizuri: fremu isichomelewe ndani ya karakana ya mbao. Cheche moja ikiingia kwenye rundo la pumba za mbao haitoi mwali mara moja. Inafuka pole pole kwa saa nyingi, mafundi wanafunga milango wanaenda nyumbani, na moto unaamka usiku wa manane. Kazi ya welda ifanyiwe kwa welda.

NGOMA MBILI

Ngoma hutengenezwa kwa kipande cha bomba zito la chuma, kilichofungwa ncha zote mbili kwa sahani zenye tundu katikati, na shafti ya milimita 25 ikapitishwa na kuchomelewa. Ukishachomelea, ngoma hiyo haiko sawa tena. Joto limeshaivuta. Kwa hiyo inapelekwa kwa fundi wa kukereza ikiwa pamoja na shafti yake, ili uso wake usawazishwe kwa kuzungukia shafti ile ile itakayoifanyia kazi. Anayekereza bomba kwanza na kulichomelea baadaye amelipa pesa bure.

Fundi wa kukereza aambiwe pia jambo la pili. Ngoma ya juu isiwe sawa kabisa kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati pawe panene kuliko kingo kwa milimita moja hivi, kwa mteremko mpole usioonekana vizuri kwa macho. Mkanda ulio katika mwendo hupenda kupanda pale palipo juu zaidi. Ngoma ikiwa nene katikati, mkanda hubaki katikati. Ikiwa bapa, mkanda hutembea upande hadi utoke, na ukitoka kwa kasi huchana chochote kilicho karibu.

Karakana iliyo mbali na fundi wa kukereza isikate tamaa. Ngoma inaweza kutengenezwa kwa maduara ya plaiwudi yaliyogundishwa pamoja, yakapigiliwa pini ngumu inayopita kwenye shafti ili yasizunguke yenyewe. Kisha shafti inafungwa kwenye beringi zake, mota inawashwa, na ubao mnyoofu uliogundishwa msasa unasogezwa pole pole mpaka ngoma ijisawazishe. Mashine inajikereza yenyewe.

Kabla ya kuifunga, ngoma ilazwe kwa shafti yake juu ya vyuma viwili vilivyopimwa kwa pima maji. Ikijizungusha na kusimama mahali pale pale kila mara, upande wa chini ni mzito. Toboa tundu dogo kwenye sahani ya upande huo, ujaribu tena, mpaka isimame popote inapoachwa. Kazi hii ni ya nusu saa tu, nayo hupunguza mtetemeko na kurefusha maisha ya beringi.

Beringi ziwe zile zenye nyumba yake ya chuma na miguu ya kufungia bolti, zilizozibwa dhidi ya vumbi. Kwa shafti ya milimita 25 ombeni P205, na wauzaji wanaijua. Ngoma ya chini inafungwa imara, na ndiyo inayoendeshwa na mota. Ngoma ya juu inakaa juu ya kigari kidogo kinachosukumwa na springi ili kukaza mkanda, na upande mmoja una bolti ya kuinamisha ngoma kidogo kulia au kushoto. Bolti hiyo ndiyo usukani wa mkanda: robo ya mzunguko, tazama, kisha robo nyingine.

Nyuma ya mkanda, upande wa mbele unakofanyiwa kazi, weka sahani nyoofu ya chuma ya milimita 6 yenye kingo zilizoviringwa. Ndiyo inayouzuia mkanda usibonyee mbao inapousukuma. Mkanda wa mbele uende chini kuelekea meza, ili uikandamize mbao juu ya meza badala ya kuinyanyua. Na pengo kati ya meza na mkanda lisizidi milimita 2 au 3. Pengo la kidole ni mtego wa kidole.

MOTA NA KASI

Mota ya nguvu ya farasi 1 inatosha. Iwe iliyofunikwa kabisa, inayopozwa na feni ya nje, maana mota yenye matundu hujaa vumbi la mbao, ikapata joto na kuungua. Soma kibandiko chake. Ikiandikwa 1440 au karibu na hapo, huo ndio mzunguko wake kwa dakika kwa umeme wetu wa hezi 50.

Puli ya mota ikilingana na ya ngoma, mkanda wa msasa utaenda milimita 314 mara 1440, yaani mita 452 kwa dakika, au mita 7.5 kwa sekunde. Ni mwendo wa upole, mzuri kwa majaribio ya kwanza na kwa mwanagenzi. Mkono ukizoea, weka puli ya milimita 150 kwenye mota na ya 100 kwenye ngoma. Mwendo utapanda hadi mita 11.3 kwa sekunde, na kazi itaenda haraka bila kuunguza mbao. Kuzidisha hapo hakuna faida kwa mashine ya kutengenezwa nyumbani. Mbao huungua, gundi ya mkanda hulegea, na kila kosa dogo la ngoma huwa kubwa.

STIMA

Fremu ya chuma ni imara, na ndiyo hatari yake. Waya wa moto ukichubuka na kugusa fremu, mashine nzima, pamoja na meza anayoegemea fundi, inakuwa na volti 240. Kwa hiyo waya wa kijani na manjano ufungwe kwa bolti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na uunganishwe na ardhi ya kweli. Kuufunga kwenye plagi ambayo soketi yake haina ardhi ni kujidanganya. Kazi hii ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni.

Swichi nayo ichaguliwe kwa makini. Stima hupotea na kurudi. Fundi anaweza kuvua mkanda akiwa gizani, amesahau kuzima, na umeme ukarudi mikono yake ikiwa kati ya ngoma. Iko swichi inayojizima yenyewe stima ikipotea, na haiwaki mpaka ibonyezwe tena. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na mota. Iwekwe pale mkono unapofika bila kuvuka mkanda.

BATI LA KINGA

Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa mashine, kinga ipo, na ni bati la milimita moja na nusu. Puli zifunikwe. Ngoma ya juu ifunikwe. Nyuma ya mkanda pafunikwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi azizuie sehemu za mashine zinazozunguka zisimfikie mtu, na haibagui mashine ya dukani na ile iliyochomelewa nyuma ya nyumba. Mwanagenzi naye anahesabika. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inamweka mwanagenzi katika kundi la wafanyakazi, na inamtaka mwajiri awakatie bima. Fundi anayesema "huyo ni mtoto wa jirani anajifunza tu" hajajitoa katika wajibu huo.

Glavu zisivaliwe mbele ya mkanda unaozunguka, kwani huvutwa na kuuvuta mkono. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, leso na kamba za shingoni zivuliwe, na nywele ndefu zifungwe. Miwani ya kazi ivaliwe kila mara.

VUMBI

Bandu bandu huisha gogo, na mapafu pia huisha vivyo hivyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na matundu yake. Vumbi la mvule linajulikana pia kwa kuwasha ngozi na kuwaletea baadhi ya mafundi pumu. Chembe zinazodhuru zaidi ni zile zisizoonekana, zinazobaki hewani baada ya mashine kuzimwa.

Mashine ikitoa vumbi zaidi ya mkono bila kulikusanya, kijana wa msasa amehamishwa tu kutoka taabu moja hadi nyingine. Kwa hiyo sanduku la bati lizunguke ngoma ya chini, pale mkanda unapomwaga vumbi, na litolewe bomba la milimita 100 linaloelekea kwenye feni ya kuvuta na gunia la kitambaa lililo nje ya karakana, mbali na madirisha ya majirani. Barakoa ya vumbi ivaliwe hata hivyo, na leso iliyofungwa puani haitoshi. Sakafu isifagiliwe ikiwa kavu. Nyunyizeni maji kwanza.

Na mashine hii ni ya mbao peke yake. Atakuja mtu na panga lake aombe linolewe mara moja tu. Cheche za panga zitaingia katika sanduku lile la vumbi na kuvutwa moja kwa moja hadi guniani. Jibu ni moja: apelekwe kwenye grinda.

JARIBIO LA KWANZA

Siku ya kuwasha, fuateni utaratibu huu.

1. Zungusha ngoma kwa mkono mara kumi, plagi ikiwa imetolewa. Tazama mkanda unaenda upande gani, urekebishe kwa bolti ya usukani.
2. Chomeka plagi, simama kando, washa kwa sekunde mbili na uzime. Hakikisha mkanda unaelekea chini kwenye meza.
3. Iache izunguke dakika kumi bila mbao. Gusa nyumba za beringi baada ya kuzima. Zikiwa za moto hata mkono haukai, kuna kitu hakijanyooka.
4. Kaza bolti zote tena. Mtetemeko wa kwanza hulegeza.
5. Anza na kipande kirefu cha mbao laini. Vipande vifupi kuliko kiganja vishikwe kwa kibao, visishikwe kwa vidole.

FAIDA IKO WAPI

Tuseme meza moja inachukua saa 3 za msasa wa mkono, na mashine inazishusha hadi saa 1. Kwa meza 4 kwa wiki, karakana imepata saa 8, yaani siku nzima ya kazi. Kila fundi apime saa zake mwenyewe kwa wiki mbili, aandike kwenye daftari, kisha alinganishe na gharama ya mota, beringi, chuma, kukereza, swichi na feni ya vumbi. Feni na swichi zisiondolewe katika hesabu ili bei ionekane ndogo. Karakana zisizoweza peke yake zinaweza kuchanga tatu au nne na kuiweka mashine moja mahali pa pamoja, huku mmoja wao akipewa jukumu la kuitunza.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Katika vyuo hivyo, wanafunzi wa useremala na wa kuchomelea mara nyingi hutenganishwa na ukuta mmoja tu. Mashine hii ni kazi yao ya pamoja: mmoja anajifunza kunyoosha fremu, wa pili kuunganisha umeme, wa tatu anasema mbao inataka nini. Mwanagenzi aliyeshiriki kuijenga atakuwa na la kuonyesha kwa mikono yake siku atakapokalia mtihani wa ufundi wa NITA.

Na yule kijana wa msasa? Siku mashine ikisimama karakanani, apewe yeye kwanza kufundishwa namna ya kuiwasha, kuizima na kuitunza. Kisha, kwa saa zilizookolewa, apewe randa.